Gari moja inafika kilomita 500 000, ingine inakufa njiani: tofauti inatoka wapi?

Asubuhi mapema, taksi zinapanda mlima wa Kadutu, mu Bukavu, moja nyuma ya ingine. Karibu zote ni Toyota, nyingi zina volani ya kuume, na ziko zile zenye umri kupita kijana anayeziendesha. Kuna ile ambayo moteri yake inalia taratibu kama cherehani. Kuna ingine, modeli ile ile, mwaka ule ule, inayotoa moshi wa bluu na kusimama kila mara ili shofere aongeze maji mu radiatere.

Zote mbili zilitoka kiwanda kimoja. Kwa nini moja bado inalisha nyumba na ingine inamaliza nyumba?

Swali hili ninalijua toka utoto. Baba yangu mdogo alikuwa na Toyota Carina ya taksi. Ile gari njo ililipa minervali ya watoto wake watano, na yangu pia kwa miaka miwili. Siku moja ikachemka kwenye mlima, akamwaga maji, akaendelea. Kesho yake ikachemka tena. Mwisho wa juma moteri ilikuwa imekufa. Leo baba mdogo anaendesha gari ya mtu mwingine, na jioni anamtolea mwenye gari pesa mbele hata ya kununua unga. Kilichoua Carina yake ni kifuniko cha radiatere na termostati, vitu viwili vidogo ambavyo mtu anabeba mu mfuko wa shati.

Makala hii inaeleza namna gari ya zamani inavyochoka, na ni nini mwenye gari anaweza kufanya ili idumu.

Kilomita za tablo na kilomita za kweli

Gari nyingi za huku kwetu zilianza maisha yao Japani, ndiyo sababu volani iko kuume: kule watu wanatembelea upande wa kushoto. Sheria ya Japani inataka gari ya kutembelea, kama ilinunuliwa mpya, ipite ukaguzi wa serikali baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2. Ukaguzi ule ni wa bei kali. Gari ikizeeka kidogo, wengi wanaona heri kuiuza kuliko kuilipia tena. Inapanda meli, inashuka Mombasa au Dar es Salaam, inatembea barabara hadi Kasindi, Goma, Bukavu ao Uvira.

Ikifika, tablo inaandika pengine kilomita 90 000. Usiamini haraka. Komptere inarudishwa nyuma kwa urahisi, hata zile za elektroniki. Tazama pedali ya freni: kama kaucho imelika hadi chuma, gari imetembea kuliko inavyosema. Tazama volani, kiti cha shofere, mpini wa vitesi. Vitu hivi vinasema ukweli kuliko tablo.

Tena kilomita hazilingani. Mu Amerika, mwalimu mmoja wa New York, Irv Gordon, alinunua Volvo P1800 mwaka wa 1966. Mwaka wa 2013, gari ile ile ilifikisha maili milioni 3, ni kusema karibu kilomita milioni 4,8. Gregorios Sachinidis, shofere wa taksi wa Ugiriki, yeye alikabizi Mercedes 240 D yake ya mwaka 1976 kwa makumbusho ya Mercedes mwaka wa 2004, ikiwa na kilomita milioni 4,6. Lakini moteri ya Volvo ilifunguliwa na kutengenezwa upya njiani, na ile Mercedes ilibadilishiwa moteri mara nyingi. Hakuna gari inayofika mbali bila kuguswa. Na tena, kilomita nyingi za barabara kubwa ya lami, moteri ikiwa na joto yake ya kawaida, hazichoshi kama kilomita chache za mashimo, za kusimama na kuondoka, za kubeba watu sita fasi ya wanne.

Kwa hiyo usihesabu kilomita peke yake. Saa ambazo taksi inanguruma palepale mu amboteyaji, komptere haizioni, lakini moteri inazisikia.

Adui wa kwanza ni moto

Fundi wengi wanajua hili, lakini ni wachache wanaowaeleza wateja: huku kwetu maji yanachemka mbele ya muda. Pembeni ya bahari, maji yanachemka kwa digri 100. Ziwa Kivu liko karibu mita 1 460 juu ya bahari, na kwa urefu huo maji ya sufuria yanachemka karibu na digri 95. Butembo iko juu zaidi, maji yanachemka chini ya pale.

Sasa, moteri ya gari inafanya kazi yake vizuri kati ya digri 85 na 95 hivi. Unaona hatari? Kama maji ya radiatere yangekuwa wazi kama ya sufuria, yangechemka wakati moteri iko bado na joto yake ya kawaida.

Kinachozuia hilo ni kile kifuniko cha radiatere. Watu wanafikiri ni cha kufunika tu, kumbe kinafanya kazi kubwa. Ndani yake kuna resori na kaucho zinazoshika presio. Maji yakifungiwa kwa presio, hayachemki hata yakipita digri 110. Kaucho ikichoka, presio inatoka, na maji yanaanza kuchemka kwenye mlima wa kwanza. Mtu anabadilisha radiatere, anabadilisha pompo ya maji, anafungua hadi kilasi, na gari inaendelea kuchemka, sababu hakuna aliyetazama kifuniko. Juu ya kifuniko kuna namba, mara nyingi 0,9 ao 1,1. Ukibadilisha, weka yenye namba ile ambayo kitabu cha gari kinaomba.

Kitu cha pili ni termostati. Ni mlango mdogo unaokaa kati ya moteri na radiatere. Asubuhi moteri ikiwa baridi, mlango unafungwa ili moteri ipate joto haraka. Joto ikifika, kwa Toyota nyingi karibu digri 82, mlango unafunguka, na maji yanapita mu radiatere kupoa.

Mu garaji nyingi za kwetu, gari ikichemka, kazi ya kwanza ya fundi ni kutoa termostati na kuitupa. Anasema ni kitu cha nchi za baridi. Hapana. Moteri inayokosa termostati inatembea muda mrefu ikiwa baridi: inakula esansi mingi, na ile esansi ambayo haijawaka vizuri inaosha mafuta kwenye kuta za silinda. Moteri inajisaga yenyewe, pole pole. Mbaya zaidi, kwenye moteri nyingi termostati inafunga pia njia ya mkato inayorudisha maji mu moteri bila kupita mu radiatere. Ukiitoa, ile njia inabaki wazi, sehemu ya maji inazunguka bila kupoa, na kwenye mlima gari inachemka kuliko zamani. Njo vile ilikuwa kwa Carina ya baba mdogo: termostati ilitolewa, kifuniko kilikuwa kimechoka, na kila mtu alikuwa anamwaga maji tu.

Kitu cha tatu ni maji yenyewe. Maji ya bomba ao ya mto yanaleta kutu ndani ya moteri. Maji ya Ziwa Kivu yana madini mengi yaliyoyeyuka. Yakipata moto yanaacha ukoko mweupe, kama ule unaouona ndani ya birika, na ukoko ule unaziba vijia vya radiatere. Weka likidi ya radiatere, ile ya rangi. Inazuia kutu na inachelewa kuchemka. Kama pesa haitoshi, chukua maji ya mvua yaliyo safi na yaliyochujwa, uongeze likidi kadiri unavyoweza. Ni heri kuliko maji ya ziwa kila siku.

Na sindano ya moto ikipanda ukiwa njiani, simama palepale. Usiseme nitafika tu kule juu. Kilasi ya gari nyingi ni ya aluminiumu. Ikipata moto kupita kiasi inapinda, na hapo jwe ya kilasi inaungua. Zima moteri, ngoja nusu saa ao zaidi. Usifungue kifuniko ingali moto, maji yatakurukia usoni. Usimwage maji baridi mu moteri yenye moto, chuma inaweza kupasuka. Ngoja ipoe, kisha ongeza maji pole pole.

Mafuta ya moteri: damu ya gari

Mafuta ya moteri yanafanya kazi ine: yanazuia chuma kusagana na chuma, yanapunguza joto, yanabeba uchafu hadi kwenye filtri, na yanazima asidi inayotokana na moshi. Yakizeeka, kazi zote ine zinalegea.

Kwa gari ya taksi mu miji yetu, vidanji kila kilomita 5 000 si mapema, ni kawaida. Shofere anayetembea kilomita 100 kwa siku anafika pale kwa siku 50. Badilisha filtri pia. Kuweka mafuta mapya na kuacha filtri ya zamani ni kama kuoga kisha kuvaa nguo chafu.

Zile namba za bidoni watu wengi wanazisoma bila kuzielewa. Kwenye 15W-40, namba ya kwanza yenye W inaonyesha namna mafuta yanavyotembea wakati wa baridi, na ya pili namna yanavyobaki mazito moteri ikiwa na moto. Kwa moteri mpya watu wanaweka mepesi zaidi. Moteri ya zamani iliyolegea kidogo inaweza kusaidiwa na mazito kidogo, lakini fuata kwanza kitabu cha gari. Chunga bidoni iliyofunguliwa ao yenye bei ya kushangaza: wako watu wanaochuja mafuta yaliyotumika na kuyauza tena.

Moteri nyingi zinakufa sababu mafuta ni kidogo, hata kama ni mazuri. Moteri ya zamani inakula mafuta, na hiyo si dhambi. Dhambi ni kutotazama. Kila juma, gari ikiwa fasi tambarare na moteri imezimwa tangu dakika kumi hivi, toa kijiti cha kupimia, panguza, rudisha, toa tena. Kama ni chini ya alama ya chini, usiwashe mbele ya kuongeza. Na ile taa nyekundu ya mafuta ikiwaka ukiwa unatembea, si ya kukumbusha vidanji. Inasema moteri inakosa presio ya mafuta sasa hivi. Zima palepale.

Vumbi na mafuta ya njiani

Wakati wa kiangazi, vumbi ya barabara zetu inaingia kila fasi. Mu Goma kuna tena ile nyeusi ya mawe ya volkano. Vumbi ni mawe madogo. Yakiingia mu silinda, yanasugua kama msasa. Filtri ya hewa njo mlinzi wa mlango. Itazame kila juma mbili wakati wa kiangazi. Ukiipuliza kwa hewa ya kompresere, puliza toka ndani kwenda nje, bila nguvu mingi, sababu ukipuliza toka nje unashindilia vumbi ndani. Filtri ya karatasi usiioshe kwa esansi. Na tazama pia ule mpira unaotoka kwenye filtri kwenda moteri: ukiwa na tundu, filtri hata mpya haitumiki kitu.

Esansi na mazutu ya Kadhafi, wale wanaouza mu bidoni na chupa pembeni ya barabara, inatusaidia wakati stasio hazina kitu. Lakini mara nyingi ndani kuna maji, mchanga, ao mafuta ya taa. Kama huna namna, acha bidoni itulie kwanza, kisha mwaga taratibu kupitia kitambaa safi na uache sehemu ya chini. Usitembee kila siku na rezervwari tupu, sababu pompo inavuta uchafu wa chini, na kwa gari nyingi za esansi za kisasa ni ile esansi njo inapoza pompo. Wenye gari za mazutu, fungueni ile filtri yenye kutenga maji na kuyamwaga. Mazutu yenye maji inaua enjekta, na kuzitengeneza ni bei kali.

Ule mkanda hakuna anayeuona

Ndani ya moteri nyingi kuna mkanda wa distribisio. Huo njo unaopanga mwendo wa valvu na pistoni. Kwa Toyota nyingi za zamani, pamoja na ile Land Cruiser ya mazutu ya moteri 1HZ inayobeba watu na mizigo hadi vijijini, fabriki inaomba ubadilishwe karibu na kilomita 100 000. Mkanda hautoi sauti mbele ya kukatika. Kwa moteri ya mazutu, ukikatika, pistoni zinagonga valvu, na siku hiyo unanunua moteri.

Kama ulinunua gari na hujui historia yake, badilisha mkanda mbele ya kitu kingine chochote, na andika tarehe. Moteri zingine zina cheni badala ya mkanda. Cheni inadumu, lakini inaishi kwa mafuta safi.

Kwenye mteremko, moteri njo freni ya kwanza

Kila anayejua barabara ya Bukavu kwenda Uvira anajua Ngomo. Kuna mashofere ambao kwenye mteremko kama ule wanaweka vitesi huru, wamoja wanazima hata moteri, ili kupunguza esansi. Pesa inayopatikana pale ni ndogo, na inaweza kulipwa kwa roho za watu. Moteri ikizimwa, servo ya freni inapoteza nguvu baada ya kukanyaga mara chache, na volani inakuwa nzito. Freni ikibaki peke yake kubeba uzito wote, inapata moto.

Likidi ya freni nayo inazeeka, sababu inavuta maji ya hewani. Likidi ya DOT 3 ikiwa mpya inachemka juu ya digri 205; ikiisha kuvuta maji inaweza kuchemka kwa digri 140 tu. Ikichemka, inafanya mvuke, na pedali inashuka hadi chini bila kushika. Ibadilishe kila miaka 2. Na kanuni ya wazee wa barabara bado ni ya kweli: teremka na vitesi ile ile ambayo ungetumia kupanda.

Soma moshi

Moshi wa bluu unasema gari inachoma mafuta ya moteri. Moshi mweusi unasema esansi ao mazutu ni mingi, ao hewa ni kidogo. Anza na filtri ya hewa. Moshi mweupe mzito ambao hauishi hata moteri ikipata joto, na maji yanapungua bila kuvuja chini, unasema jwe ya kilasi inakwisha. Mvuke mwepesi wa asubuhi wakati wa baridi, huo usikutie woga.

Piesi gani ya kununua?

Piesi mpya yenye boksi nzuri inaweza kuwa bandia, na piesi ya okazio iliyotoka Japani inaweza kudumu kuliko ile. Kwa mlango, taa, alternatere, ao bwati ya vitesi, okazio nzuri ni sawa. Lakini kwa plaketi za freni, mipira ya freni, mkanda na filtri, nunua mpya, hata kama utangoja juma moja. Rudi na piesi ya zamani mkononi, linganisha uzito na namba. Na ukiwa kwa fundi, baki pale. Omba akuonyeshe piesi aliyotoa.

Kaye moja, kalamu moja

Kitu cha bei ndogo kuliko vyote ni kaye. Andika tarehe, kilomita, kazi iliyofanywa na bei. Baada ya mwaka mmoja utajua gari inakula nini, na fundi hatakuambia kwamba mkanda ni mpya kama si mpya. Siku ya kuuza, kaye ile inaongeza bei kuliko rangi mpya.

Weka pia pesa kidogo pembeni kila siku kwa ajili ya gari, mbele ya kuigawa nyumbani. Kwa taksi, kutengeneza si bahati mbaya. Ni sehemu ya kazi, kama esansi.

Lakini kuna wakati wa kuacha. Moteri inaweza kufunguliwa na kutengenezwa. Shasi iliyopasuka na kushonwa mara nyingi, volani inayocheza hata baada ya kubadilisha piesi, freni isiyoshika mistari yote, hizo si za kuzoea. Gari ya kilomita 500 000 yenye freni nzuri inaweza kubeba watoto wa shule. Gari ya kilomita 100 000 isiyoshika, iache igeuke piesi.

Baba mdogo, ile gari anayoendesha leo si yake. Lakini kila asubuhi, mbele ya kuwasha, anafungua kofia ya moteri, anatazama maji, anatazama mafuta, anabonyeza kaucho ya kifuniko na kidole. Inamuchukua dakika tano. Anasema Carina ilimufundisha, tu alichelewa kuelewa.